Leseni ya bangi ya dawa: inavyotolewa kwa wenzetu, na kwa nini Dar es Salaam haipo

Tuanze na jibu ambalo wengi wanalitafuta. Hakuna ofisi yoyote Dar es Salaam inayotoa leseni ya kufungua duka, shamba au kiwanda cha bangi ya dawa. Afisa biashara wa Kinondoni hana fomu hiyo, wala wa Temeke, Ubungo, Kigamboni au Jiji. BRELA wanaweza kukusajilia kampuni, lakini usajili wa kampuni haukupi ruhusa ya kushika bidhaa ambayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeikataza. Kwa kosa la usafirishaji, sheria hiyo inafika miaka 30 jela na hata kifungo cha maisha, na neno "usafirishaji" mle ndani lina maana pana kuliko kubeba mzigo kwenye lori. Upande wa Zanzibar kuna sheria na mamlaka yake, kwa hiyo kuvuka bahari hakukuokoi.

Swali lenyewe lina msingi wake. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikatunga sheria 2020, na Rwanda ikatoa amri ya waziri mwaka 2021. Mtu wa Dar akisoma habari hizo anaona majirani wanaingia kwenye biashara ya dola naye amebaki kibarazani. Hapo ndipo vishoka wanapopata wateja: wanauza "vibali vya awali", "nafasi za uwakilishi" na hisa za mashamba. Dawa ya utapeli huo ni kuelewa leseni ya aina hii imejengwaje, kwa sababu ina ngazi kadhaa, na ngazi ya chini haisimami kama ya juu haipo.

Ngazi ya kwanza iko kwenye mkataba

Bangi, afyuni na koka zinatawaliwa na Mkataba wa Pamoja wa Dawa za Kulevya wa 1961, uliorekebishwa mwaka 1972. Tanzania ni mwanachama. Mkataba huo haukatazi tiba wala utafiti. Unachofanya ni kuweka masharti kwa nchi itakayoamua kuruhusu kilimo. Kifungu cha 28 kinaielekeza nchi hiyo ifuate utaratibu wa kifungu cha 23, ule ule wa afyuni: iwepo taasisi ya serikali inayotaja maeneo na viwanja vya kulimia, inayompa kila mkulima leseni inayoonyesha ukubwa wa shamba, na inayochukua mavuno mikononi mwake ndani ya miezi 4 tangu uvunaji uishe. Taasisi hiyo ndiyo yenye haki ya kuingiza, kusafirisha nje, kuuza jumla na kutunza akiba. Bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu tu imewekwa kando, haimo katika masharti haya.

Mpangilio huo unaeleza kwa nini hakuna nchi makini inayomwacha mkulima avune na kujitafutia mnunuzi. Unaeleza pia kwa nini habari za tarehe 2 Desemba 2020 zilieleweka vibaya. Siku hiyo, kwa kura 27 dhidi ya 25 na moja iliyojizuia, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika Jedwali la IV la mkataba, ambalo ni la vitu vinavyoonekana hatari mno na vyenye faida ndogo ya tiba. Mitandaoni ikaandikwa kwamba dunia imeruhusu bangi. Bangi ilibaki Jedwali la I, pamoja na morfini, na udhibiti wote wa vibali, makadirio na taarifa uko pale pale.

Ngazi ya taifa: anayelipa ada bado hajaanza biashara

Kila nchi imejaza sheria yake kwa namna yake, na tofauti hizo ndizo zinazowachanganya wasomaji. Kanuni za Zimbabwe za 2018 ziliweka ada ya dola za Marekani 50,000 kwa leseni ya miaka 5. Rwanda iliruhusu uzalishaji wa kupeleka nje tu. Mnyarwanda anayevuta nyumbani kwake bado anavunja sheria, na shamba lenye leseni linatakiwa kuwa na uzio wa tabaka mbili, minara ya walinzi, taa na kamera. Afrika Kusini inataka leseni ya mamlaka ya dawa, SAHPRA, pamoja na kibali cha Mkurugenzi Mkuu wa Afya, na mgonjwa anapata dawa kwa cheti cha daktari. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo wa Septemba 2018 ulihusu matumizi ya faragha ya mtu mzima. Haukuhalalisha biashara. Maduka yenye picha ya jani la kijani ambayo mgeni anayaona akitembea mitaani Johannesburg, mengi yake hayana leseni ya kuuza, na mtu wa Dar anayerudi nyumbani akisema "kule ni ruksa" ameona duka, hajaona karatasi.

Baada ya leseni ya taifa huja soko, na hapa ndipo fedha nyingi za wawekezaji wa Afrika zimezama. Ujerumani, ambayo tangu Machi 2017 inauza bangi ya dawa katika famasi za kawaida kwa cheti cha daktari, haipokei gunia la maua yaliyokaushwa kivulini. Inataka shamba linalofuata kanuni za kilimo bora cha mimea ya dawa, na jengo la kukaushia na kufungashia lililothibitishwa kwa viwango vya utengenezaji wa dawa vya Ulaya. Lesotho ilitoa leseni tangu 2017, lakini hadi 2021 ndipo kampuni moja ya huko, MG Health, ilipopata uthibitisho huo na kufungua njia ya Ujerumani. Anayekuahidi faida ndani ya msimu mmoja hajui biashara anayoiuza.

Halmashauri na mita 183

Ngazi hii ndiyo isiyoandikwa sana, na kwa maoni yetu ndiyo inayofundisha zaidi. Mfano ulio wazi ni California, ambako bangi ya dawa iliruhusiwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996 na ya watu wazima kwa kura ya Novemba 2016. Jimbo linatoa leseni, ila mji au wilaya inaweza kukataa kabisa, na zaidi ya nusu ya miji na wilaya za jimbo hilo haziruhusu duka la bangi. Kwa hiyo mwombaji huanzia chini. Anatafuta kwanza ridhaa ya mji, ndipo jimbo linaulizia mji huo kabla ya kutoa leseni. Akianza na jimbo, faili lake linakaa.

Ridhaa ya mji ina vipande vyake. Kiwanja kiwe katika eneo ambalo ramani ya mipango miji imelitenga kwa shughuli hiyo. Mwenye nyumba aandike kwamba anajua ni bangi na amekubali, kwa sababu mkataba wa pango unaosema "biashara halali" tu umewahi kuvunjwa na wenye nyumba walioshtuka baadaye. Miji mingi huweka kikomo cha idadi ya maduka, hivyo waombaji wenye sifa wanashindanishwa kwa alama au kwa bahati nasibu. Kunakuwa na kikao cha wazi ambapo majirani wanasema yao. Harufu peke yake inaweza kukuangusha: mji utataka kuona mchoro wa vichujio vya mkaa na mtiririko wa hewa unaozuia hewa ya ndani kutoka bila kuchujwa.

Kisha kuna umbali. Sheria ya jimbo inasema futi 600, yaani takriban mita 183, kutoka shule, kituo cha kulelea watoto mchana au kituo cha vijana, isipokuwa mji umeweka kipimo chake. Kosa linalorudiwa ni namna ya kupima. Watu hupima kwa kutembea, kutoka mlango wa duka hadi geti la shule, wakizunguka ukuta na kuvuka kwenye kivuko. Sheria inapima mstari ulionyooka, kutoka mpaka wa kiwanja cha shule hadi mpaka wa karibu wa kiwanja cha biashara, bila kujali jengo wala barabara iliyo katikati. Kiwanja kilichotoa mita 240 kwa miguu kinaweza kutoa 150 kwenye ramani, na kodi ya miezi sita imeshalipwa.

Hebu tulete kipimo hicho Dar kwa mahesabu tu. Duara la mita 183 lina hekta 10 na nusu. Chukua Sinza, Mbagala au Tabata, weka alama kila shule ya msingi, kila chekechea iliyo ndani ya nyumba ya mtu na kila madrasa, halafu chora duara hilo kwenye kila alama. Hutabakiza nafasi ya maana. Siku yoyote Bunge likibadili sheria, mjadala mkali utakuwa kwenye kamati za mipango miji na kwenye mitaa, na sisi tunaona ni haki uwe huko, kwa sababu watakaoishi jirani na jengo hilo wako mtaani.

Ndani ya jengo: kamera, mizani na ukungu

Mkaguzi akifika anaangalia vitu vinavyopimika. California inataka kamera zinazorekodi saa 24, kwa ubora usiopungua pikseli 1280 kwa 720 na picha 15 kwa sekunde, na kumbukumbu itunzwe siku 90. Wengi wananunua kamera nzuri na diski ndogo. Rekodi inajifuta siku ya 40, na mkaguzi anapoomba siku ya 70 hakuna kitu.

Kila mmea una lebo yenye namba kwenye mfumo wa ufuatiliaji, na kila uzito unaingizwa. Mmea mbichi wa kilo 10 ukikauka vizuri unabaki na kilo 2 hadi 2.5. Upotevu huo wa maji ni halali, lakini usipouandika siku kwa siku unasomeka kama mzigo uliochepushwa kwenda mtaani. Mizani lazima iwe imehakikiwa, kama ile ya dukani inavyobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo.

Kwa maabara, mzigo mmoja wa mavuno haupaswi kuzidi pauni 50, sawa na kilo 22.7, na sampuli ni asilimia 0.35 ya uzito huo, yaani gramu 79 hivi. Mtu wa maabara huichukua mwenyewe. Mwenye mali haruhusiwi kumchagulia. Wanatafuta ukungu wa Aspergillus, mabaki ya viuatilifu, na metali nzito kama kadmiamu, ambayo mmea huu huifyonza kwa wepesi kutoka udongo uliochafuka. Unyevu huru usizidi 0.65 katika kipimo cha shughuli ya maji, kwa sababu juu ya hapo ukungu huanza kuota ndani ya kifungashio. Tatizo sugu la nchi zenye soko huria la maabara ni wazalishaji kuhama maabara hadi wapate ile inayowapa namba kubwa ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, na mgonjwa ndiye anayeumia, kwa kuwa dozi iliyoandikwa siyo iliyomo.

Kwa pwani yetu, hilo la ukungu ni zito. Ukaushaji mzuri unataka chumba cha nyuzi 18 hadi 20 na unyevunyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 60. Hewa ya Dar mara nyingi iko juu ya 70 na joto lake tunalijua. Ungeendesha viyoyozi na mashine za kukausha hewa usiku na mchana, na umeme ukikatika saa chache bila jenereta, mzigo wa wiki mbili unaharibika.

Taka nazo zina sheria. Majimbo kadhaa ya Marekani yanataka mabaki yasagwe na kuchanganywa na takataka nyingine, kwa kawaida nusu kwa nusu, mbele ya kamera, hadi yasitambulike wala kutumika. Kodi ni maumivu mengine ya kichwa: kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya shirikisho, cha mwaka 1982, kinamnyima mfanyabiashara wa dawa zilizo kwenye majedwali ya juu haki ya kutoa gharama zake za kawaida kabla ya kodi.

Dar ina mfumo wake, wa dawa nyingine

Watu wanaposema Tanzania haina uzoefu wa kudhibiti dawa zinazolevya kwa ajili ya tiba, wanakosea. Taasisi ya Saratani Ocean Road inawapa wagonjwa wake morfini ya kunywa. Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini Februari 2011, na mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kiserikali hizi zinaitwa dawa tiba zenye asili ya kulevya, na mnyororo wake ndio kioo cha karibu zaidi cha leseni ya bangi ya dawa ingekuwaje.

Nchi inapeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, Vienna. Mwagizaji mwenye leseni anaomba TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kibali cha kuingiza, na kila shehena inataka kibali chake. Nchi inayouza haitoi kibali cha kusafirisha mpaka ikione kile cha kuingiza, na kiasi kikipita makadirio, mzigo unakwama huko huko. Hapa kuna kosa la kitaalamu linalogharimu wiki nyingi: makadirio yanahesabiwa kwa uzito wa morfini halisi, huku ankara ikiandika uzito wa chumvi yake. Kilo 1 ya salfeti ya morfini ina takriban gramu 750 za morfini. Ukijaza 1,000 pale ambapo 750 inatakiwa, umekula akiba ya nchi ambayo hukuitumia, au namba za nchi mbili zinakataa kulingana, na barua za maswali zinaanza.

Ndani ya famasi, dawa hizi zinakaa kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mfamasia msimamizi aliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuzigusa. Daftari linaonyesha tarehe, zilikotoka, kiasi, mgonjwa, aliyeandika cheti na salio. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kusaini, hufuti. Salio la morfini ya maji likipungua mililita chache kwa chupa, mara nyingi sababu ni mabaki yanayoganda kwenye chupa na kwenye kipimio, na tiba yake ni kuhesabu na kuandika upungufu kila chupa inapoisha, kabla haujalimbikizana ukaonekana wizi.

Mfanyabiashara mwenye mtaji anayetaka kuingia halali kwenye eneo hili anaweza: famasi ya jumla, uingizaji, uhifadhi na usambazaji wa dawa. Anapata kwanza mfamasia na kibali cha Baraza la Famasi kwa jengo na biashara, ndipo anamalizia TIN na leseni ya biashara, ya kundi A au B kulingana na shughuli. Njia hiyo ni ndefu na haina makelele, ila kila hatua yake ina ofisi unayoweza kuingia.

Mafuta ya CBD, na karatasi za kutilia shaka

Chupa ya mafuta ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, yenye maandishi kwamba THC iko chini ya asilimia 0.3 inafuata kipimo cha sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018. Kipimo hicho hakikufuati hadi forodha ya uwanja wa Julius Nyerere wala kaunta ya vifurushi ya Posta. Bidhaa nyingi za aina hiyo pia zina THC zaidi ya lebo, na Mkemia Mkuu wa Serikali akipima, hasomi lebo. Anayesafiri na dawa aliyoandikiwa nje aulize TMDA kwa maandishi kabla ya kupanda ndege.

Ukiletewa karatasi ya "kibali" cha bangi ya dawa, uliza vitu vitatu. Kimetolewa chini ya kanuni gani, na namba yake ya Tangazo la Serikali na mwaka ni ipi, kwa kuwa kanuni yoyote ya Tanzania inayowafunga watu huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Nani mtoaji, na je, ofisi ya DCEA, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inakitambua ukienda mwenyewe bila dalali. Na malipo yanaingia wapi: ada ya serikali ina namba ya malipo, haiingii kwenye simu ya mtu. Barua ya serikali ya mtaa inayosema "hatuna pingamizi" haina nguvu yoyote hapa.

Wapo pia wazazi wanaotafuta mafuta haya kwa mtoto mwenye kifafa kisichodhibitika, na hao tunawaelewa kabisa. Dawa ya CBD yenye ushahidi ipo. Epidiolex iliidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina adimu za kifafa, ikiwa na miligramu 100 kwa kila mililita, dozi ikihesabiwa kwa uzito wa mtoto na kupandishwa polepole. Inagongana na dawa za kawaida: pamoja na valproeti inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, na pamoja na klobazamu inaongeza usingizi mzito. Chupa ya mtandaoni haikuambii haya wala haina kiwango kinachojulikana. Nenda kliniki ya mishipa ya fahamu na daftari la vipindi vya degedege, tarehe na dakika, pamoja na majina na dozi za dawa zote alizowahi kutumia. Na dawa anazotumia sasa usizikatishe ghafla ili "kupisha" mafuta, kwa maana kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo linahitaji hospitali usiku huo huo.